Lugha Isiyo na Ndugu

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhulumiwa. Nimefika kazini nikakuta lugha yangu ya utafiti imebandikwa kwenye chati ya ukutani kama tawi! Tawi la lugha ya bondeni, ile inayosemwa na kila mtu hadi kwenye matangazo ya sabuni. Aliyebandika ni mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita Bwana Matawi kwa sababu hajawahi kukutana na lugha asiipachike kwenye mti wa nyingine. Nimemuuliza ana ushahidi gani. Akasema majina ya mito. Mito! Mimi nina mamia ya maneno kutoka kinywani mwa Bibi mwenyewe, msemaji wangu wa mlimani, na hakuna hata moja linalofanana na la bondeni. Lugha ya mlimani haina ndugu. Iko peke yake duniani, haieleweki, haithaminiwi. Namjua na mtu wa aina hiyo.

Mkurugenzi amesema kamati itakaa Jumatatu ijayo. Ikiamuliwa ni tawi, anapewa Matawi, maana matawi yote ni yake. Ikiwa ni pweke, inabaki kwangu. Nimekula chakula cha mchana nikiwa nimeugeukia ukuta.

Jumanne, 5 Machi

Kwa Bibi. Anaishi na binti yake, nyuma ya duka la vioo. Binti alikulia mjini, hajui hata salamu ya mlimani. Wanaoijua lugha ni Bibi na mkwe wake tu, mume wa huyo binti, dereva mstaafu. Mkwe kama kawaida alinyanyuka nilipoingia. Kama kawaida nimemzuia. Wasemaji wawili chumba kimoja, nani anaiachia bahati hiyo? Nimeburuta kiti chake hadi karibu na Bibi. Akakigeuza, akatazama ukuta. Bibi akajifunika mtandio hadi machoni. Nimeandika: watu wenye haya nyingi, huenda ni dalili ya ukale.

Nimeuliza maji. Bibi akanong'ona neno refu la ajabu. Nikamuuliza mkwe. Neno lilelile! Moto, kichwa, jiwe, vilevile. Hakuna cha bondeni hapo. Nilitaka kulia kwa furaha.

Binti amepita na beseni la nguo, akaniuliza kwa nini simwachi mume wake aende zake. Nimemwambia sayansi haina huruma. Akasema ameona.

Jumatano, 6 Machi

Nimewahi kazini kabla ya wote. Nimepanda kiti, nikaibandua lugha yangu, nikaibandika kwenye kona, mbali na miti yote, karibu na swichi ya taa. Matawi akaja, akawasha taa, akaniuliza: dada yangu, mtoto wako mwenyewe ndiyo umemtupa nje hivyo? Ofisi nzima ikacheka. Baada ya chai nikakuta imerudi kwenye tawi, safari hii kwa gundi ya seremala. Nimejaribu kuibandua kwa ukucha. Ukucha ndio uliobanduka.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya kuliko zote! Nimefika kwa Bibi, mkwe hayupo. Kaenda kuchukua saruji. Nimeuliza nani kamruhusu.

Bibi alikuwa mtu mwingine. Mtandio mabegani, miguu kainyoosha, kicheko hadi dukani. Nikawasha kinasa sauti, nikauliza maji. Akataja neno ambalo ni la bondeni, ukiondoa sauti ya mwisho. Moto, hivyohivyo. Kichwa! Jiwe! Nikamwambia Bibi, umechoka, unachanganya. Akasema: sijachoka, mjukuu wangu, haya ndiyo maneno yenyewe. Mbele ya mkwe hayatamkwi, ni kukosa adabu. Wakwe wana maneno yao ya pembeni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema angeniambia vipi na mkwe nimemkalisha mwenyewe pale pale? Kila akitaka kuondoka namrudisha kama mbuzi.

Kisha akaendelea bila kuulizwa. Tangu dada yake afariki hana wa kumsemea maneno hayo. Binti hayajui, mkwe haruhusiwi kuyasikia kutoka kwake. Akasimulia habari ya dada yake na nyuki, akacheka mpaka akafuta machozi, akaimba. Akaniomba nimhifadhie sauti hiyo, mjukuu wake, mtoto wa binti, akikua aisikie.

Nilikuwa nimeshazima mashine. Tangu kwenye neno la jiwe. Niache Matawi apate ushahidi kwa mkono wangu? Nimeitikia kwa kichwa kwa heshima hadi mwisho.

Nimemsimulia dada yangu nyumbani. Nilitegemea anionee huruma. Aliweka kijiko chini, akasema mimi ni mtu wa ajabu sana, akaenda kulala bila kumaliza kula. Hata ndugu wa damu hawaelewi isimu.

Jumatatu, 11 Machi

Kamati. Nimewaeleza waziwazi kwamba maneno ya wakwe ndiyo lugha halisi, safi, isiyo na ndugu. Hayo mengine, ambayo Bibi ameyasema tangu akinyonya, ni athari za majirani. Mkurugenzi akauliza, taratibu sana, kama ninasema watu hawa huongea lugha yao pale tu mkwe anapoingia. Nikasema ndiyo. Matawi akatoka nje. Kupitia mlangoni alisikika akigongagonga ukuta kwa kicheko.

Mkurugenzi akaomba kusikia Bibi akiwa peke yake. Nikasema mashine ilipata hitilafu. Akauliza hitilafu gani. Nikasema ya swichi. Akavua miwani. Akasema mmoja wa wasemaji wawili wa mwisho anafungua kinywa na mimi nazima! Kamati haiamui lolote leo. Nirudi kwa Bibi kesho asubuhi, Bibi awe peke yake, nirekodi kila kitu, na nyimbo pia, na Matawi aje ashike kipaza sauti. Matawi! Ndani ya chumba changu! Nimeonewa mbele ya watu wazima saba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi najisikiaje.

Sawa. Nitakwenda. Mimi si mkaidi.

Nimeshampigia mkwe. Nimemwambia kesho asitoke hata iweje, na kiti nitamwekea mwenyewe.