Gari Langu Kwenye Mnada wa Mavuno

Jumatatu, 8 Julai 2024

Levina ametoa amri. Mke wangu mwenyewe, wa ndoa ya kanisani! Amesema gari likiwa bado uani Jumatatu ijayo, yeye na cherehani yake watatafuta pa kwenda. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima. Nguzo na mabati ya kibanda anavyo tayari, na mahali pekee pa kukijenga ni pale gari lilipokaa miezi saba. Shule haitamsubiri.

Sawa. Lakini kwa nini anaongea kana kwamba mimi ndiye niliyegonga? Nilipambana na trela la tumbaku kule Ipole. Kwamba trela lilikuwa limeegeshwa ni jambo dogo ambalo trafiki walilikuza.

Jumanne, 9 Julai

Adinani wa vyuma chakavu amekuja. Amelizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi pekee lenye upepo, akacheka. Eti atalichukua iwapo nitalipia mkokoteni. Mimi nilipe! Nimemfukuza. Gari lililonipeleka Mwanza na kunirudisha! (Kurudi tulivutwa. Lakini tulirudi.)

Saa kumi nimepata wazo. Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno. Kila mtu anapeleka kanisani alichojaliwa, baada ya ibada vinanadiwa, na kinachopatikana kinakwenda kituo cha yatima. Kwenye mnada ule watu hurukwa na akili. Mwaka jana boga moja lilinunuliwa kwa bei ya mbuzi, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana mchoyo mbele ya Mchungaji. Ikiwa boga lilipata heshima ile, gari je? Linaondoka uani, yatima wanafaidi, jina langu linatajwa. Na mwezi ujao tunachagua wazee wa kanisa! Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwona Mchungaji. Nimesema natoa gari. Sikueleza zaidi, naye hakuuliza zaidi. Amenishika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Amesema jirani yangu Mahona, mzee wa kanisa na mnadi wetu wa kila mwaka, anatoa dume la ng'ombe, lakini gari halijawahi kutolewa tangu kanisa lijengwe.

Dume tu! Nimepita kwa Mahona makusudi kumsalimia. Akaniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama ni gari lile lile. Nimemjibu kwamba sina magari mawili. Wivu utamuua yule.

Ijumaa, 12 Julai

Bi Recheli, mlezi wa kituo, amepiga simu. Anauliza kama gari linaweza kubeba watoto kwenda kliniki, maana likifaa ataomba lisinadiwe. Nimemwambia limebeba watu wengi sana. Ni kweli kabisa. Liliwahi kubeba sauti ya pili na ya tatu ya kwaya kwa mpigo. Akasema watoto wanatunga wimbo wa kulipokea.

Nilijisikia vibaya. Kisha nikakasirika. Nani aliwaagiza watunge wimbo?

Jumamosi, 13 Julai

Gari haliendi. Hili sikuwa nimelifikiria. Nimempata Masanja, anayewalimia watu kwa ng'ombe. Amekubali kulivuta kesho kwa jozi yake ya maksai. Nimelisugua hadi mabega yanauma. Kwa mbele, palipokuwa na taa, nimepafunika kwa kitenge kipya cha Levina. Sikumwomba. Angekataa.

Jumapili, 14 Julai

Siwezi kuandika kwa utulivu.

Tulifika watoto wakiwa wamepangwa getini, wanaimba. Kwenye kizingiti cha geti kitenge kikadondoka. Wimbo ukaishia ubeti wa pili. Bi Recheli aliokota kitenge, akakikunja vizuri, akampelekea Levina. Heri angenitukana.

Ukaja mnada. Kwetu, usipokuwa na fedha mkononi unaruhusiwa kutaja mali, ukailete jioni. Na anayenunua, akiwa na moyo, anakirudisha kitu kinadiwe tena. Ndivyo kuku mmoja anavyonunuliwa mara tano, na kila mara vigelegele. Dume la Mahona lilirudishwa mara nne.

Likafuata gari. Mahona akauliza nani anaanza. Akauliza tena. Watu wakatazama viatu vyao. Watu wale wale wa boga! Basi nikanyoosha mkono mimi, kuwachangamsha tu, nikataja debe langu la asali. Mahona akahesabu moja, mbili, limekwenda kwa ndugu yetu Gerson! Sijawahi kusikia mtu akihesabu haraka vile.

Sikushtuka. Nikasimama, nikatangaza nalirudisha. Vigelegele! Hata Mchungaji alipiga makofi. Kisha wakarudi kutazama viatu. Mahona akakumbusha kwamba ni aibu kitu kilichorudishwa kwa Mungu kukosa mnunuzi, huku akinitazama mimi. Mimi peke yangu! Nikataja baiskeli yangu. Limekwenda!

Mchungaji akashika kipaza sauti, akaniuliza kama moyo bado unanituma. Mtu mzima anajibu nini mbele ya kanisa zima? Nikalirudisha. Hakuna mkono uliopanda. Sikuwa na kitu kingine. Nikajikuta nimetaja mabati.

Mchungaji akauliza tena kama moyo unanituma. Levina akasimama upande wa akina mama. Nikasema moyo umetosheka.

Mwishoni ikatangazwa kwamba hakuna aliyetoa kunishinda. Mabati yataezeka jiko la watoto. Watoto wakaimba wimbo wao hadi mwisho, wakiwa wamelitoa neno gari.

Jumatatu, 15 Julai

Gari limerudi uani. Masanja amelisukuma palepale, bila kukosea hata inchi moja.

Levina hakugomba. Alibeba cherehani yake kichwani, akavuka ua, akaiweka barazani kwa Mahona. Mahona amempa baraza nzima! Bila kuniuliza! Tangu asubuhi naisikia cherehani ikikimbia. Mchana alirudi kunipakulia ugali, akaniuliza habari za hapa, kama anavyomuuliza mgeni. Nilitaka kumwambia samahani. Lakini hakukaa.

Nimekwenda kwa Mchungaji kuulizia uzee wa kanisa, maana kama mimi sistahili, nani? Amesema mzee wa kanisa anatakiwa kuwa mtu wa kiasi. Kiasi! Nimetoa asali, baiskeli na mabati kwa asubuhi moja, naambiwa kiasi!

Alhamisi, 18 Julai

Shule imeleta vitambaa. Vimepelekwa moja kwa moja kwa Mahona. Leo nimemsikia Levina akicheka huko barazani. Nyumbani hajacheka tangu Ipole.

Lakini mambo yanatengenezeka. Nimegundua kwamba Jumapili hii Wakatoliki nao wana mavuno. Nimekwenda kwa miguu kuonana na Padri. Amefurahi sana kusikia Mmoraviani mwenye moyo wa umoja. Anafikiri ni gari. Na ni gari! Watu wake hawajawahi kuliona, na wako wengi kuliko sisi. Likiondoka Jumapili, Jumatatu Levina yuko nyumbani.

Nimemweleza kupitia uani. Amesimamisha cherehani, akaniuliza nitafanya nini kama huko nako hakuna atakayenyoosha mkono. Nimemwambia asinivunje moyo kwa maswali ya ajabu. Nitanyoosha mimi kwanza, kuwachangamsha tu.