Upepo wa Seva ya Nne

Jumatatu, 16 Desemba. Niš, Serbia.

Shingo imekakamaa. Tena! Tundu la hewa baridi la chumba cha seva liko juu ya kiti changu hasa, linanipuliza kisogoni kutwa nzima. Baba yangu mdogo alikaa kati ya dirisha na mlango siku moja tu, mdomo ukapinda. Mji mzima unajua upepo wa kupenya unaua. Isipokuwa Desanka. Huyo anakuja kazini na nywele mbichi, koti wazi, halafu ananiuliza eti mjomba Tihomir, skafu ya nini ndani ya nyumba? Mjomba! Mimi! Damu ilinichemka.

Na Mkurugenzi Obrad katangaza leo: Alhamisi ni slava yake, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, na hapo mezani atamtaja mkuu mpya wa seva zote. Cheo hicho nimekisubiri tangu Desanka alipokuwa akivaa sare za shule. Ni mimi au yeye. Akikipata yeye, naacha kazi. La, siachi. Lakini nitanuna mpaka nistaafu.

Jumanne, 17 Desemba.

Nina mpango.

Tuna seva nne. Ndani yake wanaishi wapangaji wetu, yaani kompyuta pepe: hazina chuma wala waya, ni programu tupu, lakini kila moja inajiona kompyuta kamili. Mpangaji huyu anafanyia kazi maduka ya dawa, yule kituo cha mabasi, mwingine maduka ya Svetislav ya burek, ile mikate ya nyama na jibini. Nusu nawatunza mimi, nusu Desanka. Uzuri wake, unaweza kumhamisha mpangaji seva hii hadi ile akiwa kazini, mteja hata asijue.

Basi nimewahamisha wa Desanka wote, hadi wa mwisho, nikawarundika seva ya nne. Kongwe ile, inakoroma. Wataburuta miguu, wateja watapiga kelele, Obrad atajua nani kazi imemshinda.

Nikaenda kunywa kahawa. Narudi, lo! Wa Desanka wanastarehe seva mpya, na wangu wawili wametupwa kwenye ile kongwe! Nilitaka kumvaa. Kumbe si yeye, ni msawazishaji, ile programu inayogawa mzigo yenyewe bila kuulizwa. Mashine nayo ina kiherehere! Desanka kapita nyuma yangu, akauliza kama nacheza drafti, na nani ananifunga. Shenzi.

Jumatano, 18 Desemba.

Nimemzima msawazishaji. Pembeni yake kwenye skrini kulikuwa na kisanduku cha mwamshaji, yule anayewaamsha wapangaji kwenye seva nyingine kama yao ikifa. Sikuwa na hakika kipi ni kipi. Nimezima vyote. Kazi ya haraka haitaki maswali.

Kisha nimewahamisha tena. Katika kundi la Desanka yumo mmoja tunayemwita Mtawala. Huyu ndiye skrini yetu ya kuwaongozea wote: kuhamisha, kuwasha, kuzima, kila kitu kinapitia kwake. Lakini naye ni mpangaji tu, anaishi sevani kama wenzake. Nilisita kidogo. Halafu nikamkumbuka mtu akiniita mjomba. Nikamtupa huko huko seva ya nne.

Shingo sasa haigeuki kushoto kabisa. Nimepanda juu ya kiti, nimeziba lile tundu kwa kadibodi ya sanduku la printa na utepe mwingi. Ah, raha! Seva ya nne, inayopata baridi yake kwenye tundu hilo, imeanza kuvuma. Na ivume. Mimi nilivyovumilia, nani alinipa pole?

Alhamisi, 19 Desemba.

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Slava haina mwaliko, unakwenda tu. Nimekwenda mapema na chupa ya divai ghali. Nimekula kijiko cha ngano tamu, nimefanya ishara ya msalaba mbele ya mshumaa, nimekaa mbali na dirisha. Samaki mezani, maana ni mfungo wa kabla ya Krismasi. Obrad kasimama na kikombe cha rakija, pombe yetu kali ya matunda. Akasema kafikiri sana. Akasema uzoefu haununuliwi. Akanitazama mimi! Akafungua mdomo, "Tihomir, mwanangu..."

Simu ya Svetislav ikalia. Svetislav ndiye aliyemsimamia Obrad ndoa yake, basi hapo ni mtu mkubwa kuliko sote. Kapiga ukelele: mashine za risiti zimekufa maduka yote, bila risiti hawaruhusiwi kuuza, foleni imefika barabarani na burek inapoa. Mara simu ya maduka ya dawa. Mara kituo cha mabasi. Mara simu ya Obrad mwenyewe.

Nimefungua kompyuta yangu hapo hapo, kando ya samaki. Namwita Mtawala. Kimya. Seva ya nne imezimika kwa joto, naye yumo ndani yake. Ili nimwamshe Mtawala, namhitaji Mtawala! Ni ufunguo kufungiwa ndani ya nyumba.

Desanka, naye yupo mezani, kaniuliza mbele ya watu nani kamzima mwamshaji. Nikasema nahisi kuna upepo hapa ndani. Obrad kaniambia nyanyuka, twende.

Ofisini Desanka kagusa seva ya nne, akaurudisha mkono haraka. Kisha akatazama juu. Kadibodi ile ilikuwa na jina langu, maana printa ilikuwa yangu! Kaingia seva zilizobaki moja moja, bila Mtawala. Wapangaji wote walikuwa salama kwenye diski za pamoja, zile za nje ya seva zinazowahifadhi. Akamwamsha Mtawala kwenye seva ya kwanza, na wengine wakafuata. Obrad akampigia makofi. Makofi, kwa kuwasha tu!

Ijumaa, 20 Desemba.

Desanka ndiye mkuu. Obrad kaniita, akaniuliza taratibu nimejifunza nini. Nikamjibu kweli: viyoyozi ni hatari kwa binadamu. Kashika kichwa. Kanipeleka kitengo cha nakala za akiba, huko chini ya ngazi. Desanka kaniambia pole, mjomba. Alikuwa anaisema kwa moyo, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Jumatatu, 23 Desemba.

Kumbe kitengo hiki ni dhahabu! Wapumbavu walionitangulia waliweka nakala zote za wapangaji kwenye jengo jingine, ng'ambo ya mto. Eti isije ikatokea ajali. Kila nakala inasafiri usiku kucha, na tunalilipia jengo la watu! Leo nimekata upuuzi huo. Nakala zote sasa zinaandikwa hapa hapa, kwenye diski zilezile za pamoja wanamohifadhiwa wapangaji. Za ng'ambo nimezifuta, zisituchanganye. Mtawala kauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo kwa hasira.

Desanka anapiga simu, anafoka: diski zimejaa pomoni, wapangaji wote wamesimama, baadhi wameharibika, nimletee nakala za ng'ambo upesi. Kijicho hicho! Nimeikata simu. Obrad naye anashuka ngazi, anakimbia kabisa. Nimechana nywele. Hatimaye anakuja kunipa cheo changu.