Dawa ya Mfuniko wa Kijani

Hebu niambie, ukisikia redioni kwamba korona imebadilika, imekuja na sura nyingine, kitu gani kinakujia kichwani? Wapo walioshika tama. Wapo waliokwenda kuitafuta barakoa waliyoitupa uvunguni. Pazi wa mtaa wa Kasingirima, Ujiji, alifikiria mifuniko.

Ndiyo, mifuniko ya chupa. Huyu bwana, mtoto wa pekee wa Bi Mwamini, alikuwa na dawa. Na dawa yenyewe inafaa kuelezwa vizuri, maana mgonjwa ana haki ya kujua anachokunywa: mawese, tangawizi iliyotwangwa na maganda yake, ndimu, pilipili kichaa, na maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kipande cha kanga. Unatikisa, unakunywa. Machozi yanakutoka, makamasi yanakutoka, na wewe mwenyewe unakiri kwamba kuna kitu kimetoka. Korona ilipoingia mara ya kwanza, dawa ilikuwa na mfuniko wa njano. Ilipokuja Delta, Pazi alitangaza kwa masikitiko makubwa kwamba dawa ya njano haimjui huyu mgeni. Ikatoka ya mfuniko mwekundu. Sasa redio ilikuwa inasema Omikroni. Wataalamu wa dunia nzima walikuwa wanakesha maabara wakihangaika na kirusi hicho. Pazi alimaliza utafiti wake kabla chai haijapoa. Kijani.

Siku za kazi alizichagua kwa akili. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika ufukweni na mwalo wa Kibirizi unajaa wanaume wasio na safari na wanawake wenye vichanja vitupu vya kuanikia dagaa. Watu wa namna hiyo wana muda wa kusikiliza chochote. Bahati mbaya nesi Marcelina naye alikuwa na akili hiyohiyo, akaja na meza yake, boksi lake la chanjo na mwavuli, akakaa mkabala na Pazi kabisa.

Pazi alikuwa amevaa koti jeupe la kinyozi, bado lina nywele za watu mfukoni.

"Jamani, mwakeye!" aliwasalimu kwa Kiha, akipaza sauti. "Kirusi ni mhuni. Jana kavaa kofia, leo kanzu. Sindano ya dada yangu pale inamjua yule wa kofia tu. Huyu wa kanzu anapita anaisalimia!"

Watu wakacheka. Marcelina hakucheka.

"Siyo hivyo, kaka," alisema. "Chanjo inaufundisha mwili kupigana. Kikija kilichobadilika unaweza kuugua, ila uwezekano wa kuzidiwa mpaka ukafa unapungua sana. Na kinabadilika kwa sababu tunakikaribisha. Kikiingia mwilini kinajinakili, na katika kunakili kinakosea. Kosa likikifaa, ndiyo hiyo kanzu. Anayekataa chanjo anakifungulia cherehani."

"Mmemsikia? Kakiri mwenyewe! Ukichanjwa unaweza kuugua!"

Wakacheka tena, wakahamia upande wa Pazi. Ukweli una shida hiyo: ni mrefu, halafu hauna rangi.

Lakini Pazi hakuwa na raha kama alivyoonekana. Mteja wake mwaminifu kuliko wote Ujiji nzima alikuwa mama yake. Bi Mwamini ana umri, ana kisukari, na alikuwa amekunywa ya njano yote na nyekundu yote bila kukunja uso. Wiki iliyopita Pazi alijaribu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Mama, si ukachanjwe tu, kama nyongeza?"

"Nichomwe na watu baki, na mwanangu ni daktari?" mama alimjibu. "Watu watasemaje?"

Pazi akarudi kutwanga tangawizi. Angemwambia nini? Kwamba daktari ni tapeli? Tangu siku hiyo mama akipiga chafya tu, Pazi haumalizi ugali wake.

Akiwa katika mawazo hayo, akafika Oswald, mwenye mitumbwi, tumbo likitangulia. Aliinua chupa ya kijani, akaitazama juani kama anayeijua kazi.

"Watu wa kule Mwandiga wameshaipata hii?"

"Hata mmoja, bosi."

"Basi wasiipate kwako. Waipate kwangu, kwa bei yangu. Nipe zote."

"Zote? Na wagonjwa wa hapa, bosi?"

"Wa hapa wana ziwa, wanywe maji."

Wakapeana mikono kwa heshima kubwa, kama watu wawili waliookoa taifa. Katoni zikapakiwa kwenye toroli. Pazi alikuwa anaanza kulivua koti, moyoni keshafunga safari ya kupumzika, aliposikia kikohozi. Kikohozi kizito, cha kutoka chini kabisa. Akageuka. Bi Mwamini huyo, na kikapu mkononi, kanga mpya mabegani.

"Shikamoo, mama. Umefuata nini huku na jua lote hili?"

"Marahaba, daktari." Akakohoa tena, wateja wakampisha. "Nimefuata ya kijani. Naenda Mwandiga."

"Mwandiga kuna nini?"

"Kwa shoga yangu Verediana. Nyumba nzima wako chini, baba, mama, watoto, hiyohiyo mpya ya redioni. Hakuna wa kuwapikia hata uji. Nikasema mimi nimekunywa njano, nimekunywa nyekundu, nikimalizia na kijani, kitanipata nini? Nitawauguza, nitalala humohumo."

Wanawake wa vichanja wakapiga vigelegele. Huo ndio ushuhuda! Hata Oswald alisogea asikie vizuri, ayarudie maneno hayo Mwandiga.

Pazi akakishika kikapu cha mama.

"Mama, magari ya Mwandiga leo yamejaa."

"Nitakodi bodaboda."

"Kisukari chako je?"

"Si ulisema dawa inashusha na sukari?"

Alikuwa kweli amesema. Siku ya mfuniko mwekundu, mbele ya watu hawahawa.

"Mama, ngoja kesho."

"Wagonjwa wanaweza kungoja, Pazi? Nipe chupa mwanangu, nikawasaidie watu."

Akanyoosha mkono. Mkono mkavu, wenye mishipa, uliomlisha tangu hajaota jino. Pazi akazitazama chupa kwenye toroli, akamtazama mama, akamtazama na nesi, ambaye wakati huo alikuwa anapanga pamba zake kwa utulivu wa ajabu.

"Usiende," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mawese!" Sauti ilimtoka mpaka kunguru wakaruka. "Ni mawese, mama! Mawese na tangawizi! Ya njano mawese, nyekundu mawese, kijani mawese! Haizuii korona, haizuii hata mafua! Ukiingia kwa Verediana utakufa!"

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Oswald, na hasira zake zilikuwa na utaratibu wake.

"Nyamaza wewe mwendawazimu! Unapiga kelele za nini, na mimi sijafika Mwandiga?"

Hapo wanawake wa vichanja wakamgeukia Oswald badala ya Pazi. Mmoja akauliza kama Oswald alitaka kuwauzia ndugu zao wa Mwandiga mawese ya pilipili huku anajua. Mwingine akashika toroli, na katoni zikaanza kuelekea ziwani zenyewe, bila mtu kukiri kuzisukuma. Oswald akazifuata, akilia kama aliyefiwa.

Bi Mwamini alipandisha mkono wa gauni taratibu.

"Mimi nilichanjwa, Pazi. Tangu sindano zilipofika Ujiji. Marcelina mwenyewe ndiye aliyenichoma, na ya pili pia. Verediana hajambo, asubuhi kanipigia simu huku anakaanga maandazi."

"Na kikohozi?"

"Nilianza kukohoa hapo barabarani. Kumbe na mimi ninaweza."

"Mama! Umenitapeli?"

"Na dawa ulikuwa unaitengeneza kwa mawese ya chungu changu. Ulidhani siijui harufu yake?" Halafu kicheko kikamwisha usoni. "Jirani yetu Esther amelala wodini, anapumua kwa mashine. Alikunywa dawa zako, akakataa sindano. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mwanangu, mbele ya waliokunywa. Mimi nikisema, watadhani ni ugomvi wa mama na mwanawe tu."

Tayari mstari ulikuwa umejipanga mbele ya meza ya Marcelina. Wanawake kwanza, wanaume nyuma yao wakijifanya wanapita tu.

"Na wewe, daktari?" Marcelina akauliza. "Umechanjwa?"

Pazi akaangalia mchanga. Watu wote wakamgeukia. Pazi akamsogelea mama yake, akasema kwa sauti ndogo ambayo Kibirizi nzima iliisikia.

"Nilitaka tangu siku ya kwanza, mama. Sindano naiogopa. Njoo unishike mkono."