Gigahezi Sita za Daktari Mazabodi

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa! Tena na shemeji, kaka wa mke wangu, fundi kompyuta asiyeamini kitu mpaka akipime mwenyewe. Kwenye jukwaa letu la mtandaoni, mbele ya wanachama mia mbili, nilisema mazabodi mpya iliyotoka, yaani ubao mkuu wa kompyuta, inaruhusu prosesa, ubongo wa mashine, kukazwa kupita kasi ya kiwandani, mpaka gigahezi sita. Akasema haivuki tano, na wahakiki wanaoisifia wamepewa bure. Akataka ushahidi. Haya, kaupata! Nimejisajili kwa jina la Daktari Mazabodi, nikapachika uhakiki mzito: majaribio ya siku kumi na nane, gigahezi sita, baridi kama maji ya mtungi. Sijaijaribu hata dakika moja.

Jumanne, 4 Machi
Mambo yamewaka! Kurasa tatu za mtandaoni zimenakili uhakiki wangu. Moja imeongeza kuwa nao walijaribu wakapata sita na nukta moja. Mashahidi watatu! Nimeanza kujiuliza kama kweli nilitunga. Lisemwalo lipo, bwana. Shemeji kasema maneno matupu hayapimiki, Alhamisi anakuja kuona kwa macho yake. Nikamjibu karibu sana.

Jumatano, 5 Machi
Tatizo dogo. Mazabodi ile hapa nyumbani ni moja tu, iko ndani ya kompyuta ya mke wangu. Anachora ramani za majengo, na ya zahanati inatakiwa Ijumaa asubuhi, ama sivyo kazi anapewa mwingine. Lakini leo alishinda kiwanjani! Nikaingia kwenye mipangilio. Tano na nukta moja, safi. Nukta tatu, nikacheza peke yangu. Nukta tano, feni zikaanza kupiga mayowe. Mke wangu akapiga simu, akauliza kelele gani hizo. Nikasema nasaga nyanya. Akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji alifika mke wangu katoka kununua karatasi. Nikakaza. Tano na nukta nane! Nikashangilia. Kioo kikawa cheusi, ikaja harufu, ukaja moshi. Shemeji akachomoa waya. Mke wangu akaingia, akauona moshi, akakaa kitini na karatasi zake mapajani. Hakufoka. Aliuliza tu wiki zake sita za kazi ziko wapi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shemeji akang'oa diski inayohifadhi kazi bila kunitazama, akaenda kwake kuifunga kwenye kompyuta yake, akarudi na kompyuta hiyo. Ramani nzima! Mke wangu akalia kwa furaha. Mimi nililia kumshinda.

Jumamosi, 8 Machi
Zahanati imepita! Mke wangu ananisemesha tena, ingawa ni kuhusu takataka tu. Shemeji alinitaka nikiri jukwaani, nami nikakiri: Daktari ni mimi, uhakiki ni uongo, mashine imeungua. Wee! Wakanishukia wote. Eti nimelipwa nichafue jina la Daktari, eti mikono yangu mibovu. Zile kurasa tatu zimenikanusha rasmi. Watu wote hao wakosee? Haiwezekani. Basi mashine ya mke wangu ndiyo ilikuwa na kasoro tangu zamani! Maskini mimi, nimeona aibu bure.

Shemeji kamwachia mke wangu kompyuta yake, na amri kwamba mimi nisiisogelee. Anadai yake, yenye mazabodi ya aina nyingine, mwisho tano na nusu. Tano na nusu! Mtu mzima hana hata haya. Wako sebuleni wanakunywa chai, wanacheka. Chumba cha kazi hakijafungwa.

Safari hii nimefungua dirisha kwanza.