Elimu ya Tope la Ziwani

Jumatatu, 3 Agosti

Hakuna kiumbe anayelijua ziwa la mlimani kunishinda mimi, hata samaki waliozaliwa humo. Sijawahi kulifikia. Hilo ni jambo dogo.

Kazi yangu ni banda la mabuti langoni mwa hifadhi. Wageni wanavua viatu vyao vizuri, nawapa mabuti ya mpira na fimbo, wanapanda. Wakirudi, nasugua. Miaka mitatu nasugua! Na tope linasema. Tope jekundu: njia ya chini, penye daraja. Tope la kijivu lenye majani membamba ya misonobari: msitu wa katikati. Tope jeusi, laini kama masizi: ukingo wa ziwa. Profesa gani ana elimu hiyo? Shule niliiacha mapema ili nisiwaaibishe walimu.

Kitu kimoja tu sijakipatia jibu. Wanapanda wakipiga kelele kama kasuku, wanashuka wakinong'ona. Leo mtu mzima, kitambi hiki hapa, kanirudishia mabuti kwa mikono miwili kana kwamba ananikabidhi mtoto mchanga. Nikamuuliza kaona nini huko. Akasema niende mwenyewe.

Tangazo limebandikwa: anatafutwa mwongoza wageni, mmoja tu. Beji ya kijani, shati la mifuko minne. Nimeshachagua kila mfuko nitaweka nini.

Jumanne, 4 Agosti

Balaa. Kobe naye ameomba. Kobe ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Jina kalipata kwa mwendo wake. Yeye anaokota takataka njiani, kwa hiyo huko juu kashapakanyaga mara mia. Lakini ataongoza nani yule? Ukimsalimia leo anaitikia kesho kutwa.

Mkuu wa hifadhi, mama mmoja mkavu mwenye penseli sikioni, katueleza mtihani. Kobe Ijumaa, mimi Jumamosi. Kila mmoja aje na mgeni ambaye hajawahi kufika ziwani, ampandishe, amshushe. Mkuu mwenyewe atafuata nyuma na daftari. Nikamwambia mimi naweza kupanda nimefumba macho. Akasema macho niyaache wazi.

Jumatano, 5 Agosti

Nimempata mgeni. Bibi! Bibi aliyenilea. Akili ya hali ya juu: goti lake bovu, atapanda polepole, nami nitapata muda wa kusoma tope.

Nilipomwambia, akaacha kuchambua mchele. Kaishi chini ya mlima huu tangu alipoolewa, na hajavuka daraja la kwanza. Alikuwa akifika pale na mzigo wake wa kuni, anageuka. Kila siku kulikuwa na sufuria inamsubiri nyumbani.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "kama unanitania, nitanie kwa kitu kingine."

Nikaapa sitanii. Sasa hivi anapiga pasi gauni la kwendea harusini. La kupandia mlima!

Alhamisi, 6 Agosti

Nimemchokonoa Kobe kwa ujanja mkubwa. Nikamuuliza, ovyo ovyo tu, eti njia ya ziwani inaelekea wapi. Akamaliza chai. Akafuta kikombe. Akasema, "Juu."

Sawa. Vita na iwe vita. Nimemwekea mabuti ya kesho, yote mawili ya mguu wa kushoto.

Ijumaa, 7 Agosti

Kobe kayavaa kutwa nzima bila kulalamika! Mgeni wake kashuka akinong'ona kama wote. Nikakimbilia mabuti nisome tope kwa ajili ya kesho. Kobe kashayaosha. Kasema hakutaka kunipa kazi. Mshenzi.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumeanza asubuhi. Bibi na gauni lake, fimbo mkononi. Mkuu nyuma. Darajani Bibi akasimama, akashika mbao, akasema hapa ndipo dunia yake ilipokuwa ikiishia. Kisha akavuka.

Mbele kidogo, njia tatu, kibao kimeoza. Nikainama kujifanya nafunga kamba. Mabuti ya mpira hayana kamba. Nikasikia penseli inaandika. Lakini nililiona! Tope la kijivu, majani ya misonobari, upande wa kushoto. Nikanyoosha kidole kama jenerali.

Halafu msitu. Sikujua. Tope halikuniambia haya. Miti minene, hata sisi watatu tungeshikana mikono tusingeuzunguka mmoja. Imeota ndevu za kijani mpaka chini. Jua linapenya vipande vipande. Kipande kimoja kilimwangukia Bibi begani, akatembea nacho hatua tatu. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu ndege. Ndege mmoja akaimba juu yetu, hotuba ikapotea.

Na ziwa! Miti iliisha ghafla, kama mtu kavuta pazia. Maji meusi. Hapana, kijani. Hapana, sina jina lake. Mlima mzima umelala humo kichwa chini. Ukungu unapita juu ya maji taratibu, kama mama anayepita chumba alicholala mtoto. Nilisikia moyo unadunda nikadhani ni wa mlima. Mimi, mimi huyu, sikusema neno. Muda mrefu.

Bibi akakaa kwenye gogo, akavua mabuti, akatia miguu majini.

"Kumbe lilikuwa hapa," akasema. "Siku zote nilipokuwa napika, lilikuwa hapa."

Mkuu akafunga daftari. Akasema waongozaji wengi huliharibu ziwa kwa mdomo, na mimi ni wa kwanza kuliacha lijisemee. Moyoni mwangu beji ilikuwa imeshafika kifuani, bado pini tu.

Hapo ndipo mdomo uliporudi. Nikashika njia ya kushuka, wao nyuma yangu, Bibi akivaa mabuti. Nikasimulia. Elimu ya tope, ujinga wa Kobe, mabadiliko nitakayoleta hifadhini. Nilisimulia mpaka langoni. Nikageuka, mkono nimeunyoosha kupokea beji. Nyuma yangu kulikuwa na mti.

Kobe alikuwa pale anachambua chupa. Akauliza, "Bibi yuko wapi?"

Tukapanda tena, mimi mbio, Kobe kwa mwendo wake uleule, na bado akanipita. Tuliwakuta mita chache tu kutoka ziwani. Goti la Bibi limevimba kama boga, Mkuu kakaa chini naye, kamshika mkono. Kobe akachuchumaa, Bibi akapanda mgongoni.

"Leo nimepata mume mwingine," Bibi akasema. Wakacheka. Mimi nilibeba fimbo.

Beji kapewa Kobe. Nimewaeleza wote kwamba uzuri wa ziwa uliniziba masikio. Mkuu kasema inawezekana.

Jumapili, 9 Agosti

Nimeamka na mpango mkubwa. Kobe hazungumzi, sivyo? Basi anahitaji mdomo. Nimemwandikia Mkuu barua: nafasi mpya, Msemaji wa Mwongoza Wageni. Shati la mifuko sita. Sifa za mwombaji nimezitaja kurasa mbili na bado sijamaliza.

Bibi kalala, mguu juu ya mto. Anawasimulia majirani dirishani habari za ziwa, kwa sauti ya chini. Kwangu kasema goti likipona atarudi. Hakusema na nani.

Kuhusu masikio. Hili daftari halisomwi na mtu, basi niandike. Hayakuziba. Kule juu, mwanzoni kabisa mwa mteremko, aliniita. "Mume wangu, ningoje kidogo." Nilikuwa nimefika patamu, pale ninapomshinda Kobe.

Nilimsikia.