Wageni wa Mashini ya Moshi

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane
Mashini imefika! Ndogo, nyeupe, imefungwa ukutani mwa parsele yangu, uani kwangu, hapa mtaani Cibitoke. Jirani Dorothée aliitaka kwake. Pole yake. Madamu Amandine wa utafiti ameeleza: milima ikiungua, mashini inapima moshi, nao watafiti wanajifunza kutabiri lini upepo utautelemsha mjini. Ijumaa wafadhili watakuja kuona kama watoe pesa za kuendelea. Nikamuuliza kama siku moja simu itaniambia mapema nifunge madirisha, kifua cha mwanangu Sumaya kisibane. Akasema ndiyo, pesa zikipatikana. Basi lazima zipatikane!

Jumatano, tarehe 6
Milima inaungua, upepo unapeleka moshi kwingine. Mashini haioni kitu. Dorothée ameuliza juu ya ukuta kama imeshakufa. Nimemkumbuka bibi yangu Mwantum. Alikuwa anasimama mlangoni asubuhi, ananusa, anaanua nguo zote. Jioni moshi unashuka kweli. Ananitundikia kanga yenye maji dirishani, nalala. Pua ile hakuniachia. Aliniachia chetezo chake cha udi tu.

Alhamisi, tarehe 7
Parsele yote inanuka mafuta ya mandazi ya Dorothée. Wageni wakubwa watanionaje? Bibi hakupokea mgeni bila udi. Nimepata wazo.

Ijumaa, tarehe 8
Nimefukiza tangu asubuhi, hasa pale ukutani watakaposimama. Harufu ya utoto wangu! Nimelia kidogo. Wafadhili wakaingia, wakanusa, wakatabasamu. Amandine akafungua simu yake kusoma vipimo. Kwa mashini, Cibitoke nzima inateketea. Mfadhili mmoja akauliza kama tukimbie. Dorothée alicheka mpaka akakaa chini. Amandine akanivuta pembeni.
“Mama Sumaya, we unapima moshi ao unautengeneza?”
Nikamwambia huu si moshi, ni heshima.

Jumamosi, tarehe 9
Jana jioni upepo uligeuka. Moshi wa milimani umeshuka, Sumaya amekohoa kifuani kwangu mpaka nikakohoa naye. Amandine amepita. Wafadhili bado wanasita, ila watarudi Jumatatu, mara ya mwisho. Ameniomba niape: hakuna udi. Nimeapa, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Safari hii siharibu. Nitawachomea samaki, mukeke wanono wa ziwani, mkaa mwingi, pale pale chini ya mashini. Pana kivuli kizuri.