Kiunzi Changu na Kadi za Nguvumali

Jumatatu, 5 Machi 1956
Nimevumbua kitu! Bi Shamsiya, mwenye duka letu la kupiga chapa hapa Ngamiani, ametangaza kuwa mmoja wetu atakalia kiti cha mbele, kile cha dirishani, na kuitwa karani mkuu. Ama mimi, Eliudi, ama Laurenti. Laurenti! Mtu anayepima kila mstari kwa rula kabla ya kugusa taipureta. Akifika kwenye "Wasalaam" watu wameshakula mchana.

Mimi nimekata kiunzi. Kadibodi ya sanduku la viatu, nta ya mshumaa juu yake, na madirisha membamba, moja kwa kila mstari. Nakibana juu ya karatasi, naingiza mashineni, nagonga. Herufi ikivuka dirisha inaishia kwenye kadibodi. Karatasi inatoka imenyooka kulia na kushoto, na sikupima chochote. Kabla ya kugonga nakiamuru kwa sauti: "Panga!" Si lazima, lakini napenda.

Jumatano, 7 Machi
Barua zote za watu wa mashamba ya mkonge zimekwisha kabla ya adhuhuri. Zimelingana, utasema zimezaliwa na mama mmoja. Bi Shamsiya alisema mashallah. Laurenti akadai kuna mwombaji ameomba kazi ya "msimamizi wa", basi, hasimamii kitu. Kijicho tu. Mwajiri ataelewa.

Jumamosi, 10 Machi
Kazi kubwa! Bwana Thuwaini, mfanyabiashara wa Nguvumali, anaoza binti yake Ijumaa ijayo. Kadi za mwaliko nimepiga mimi. Nilipiga huku nikitazama wapita njia, maana kiunzi hakihitaji macho. Laurenti alitaka kuzisoma kabla hazijaondoka. Nikamwambia ashughulike na rula yake. Kufika jioni, kadi zote zilikuwa zimeshagawiwa. Kiti ni changu.

Jumapili, 11 Machi
Loo! Nimetoka kanisani, Bwana Thuwaini yuko mlangoni kwangu na kadi mkononi. Imeandikwa kwamba anayealika ni "Thuwaini bin". Basi. Dirisha lilikwisha hapo. "Taimur bin Mselem" wamebaki kwenye kadibodi.

Na huyo Mzee Taimur, baba yake, yu hai! Kasomewa kadi mbele ya wageni. Akasema kama mwanawe hana baba, basi yeye bado hajazaliwa, na asiyezaliwa haendi harusini. Akapanda basi la Muheza, kwenye shamba lake la michungwa. Bwana Thuwaini amekula yamini: baba asiporudi, haozi mtu. Bi Shamsiya naye akasema harusi ikivunjika nisahau kiti, na mlango wa duka niusahau pia.

Nikajaribu kumweleza kuwa kosa si la kiunzi. Majina ndiyo marefu mno. Hakutaka kusikia.

Jumanne, 13 Machi
Muheza. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa: kumsingizia Laurenti. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijaanza uongo wangu akaniambia nimtajie mababu zangu. Nikaanza vizuri. Baba, Zebedayo. Babu, Safari. Baada ya hapo nikakohoa. Nikakohoa tena.

Mzee akanitazama kwa huruma, mpaka nikaona haya. Akanimenyea chungwa. Akasema alidhani ni jeuri, kumbe ni ufukara. Mwenye mababu wawili tu atajuaje uchungu wa kukatiwa mababu? Atarudi, mradi kadi zipigwe upya.

Nimeshinda! Na uongo wa kumsingizia Laurenti bado ninao, sijautumia. Nimerudi na kikapu cha machungwa.

Ijumaa, 16 Machi
Harusi imefana. Kadi mpya alipiga Laurenti, kwa rula, majina yote mpaka mwisho. Mzee Taimur aliketi mbele na yake mkononi, kila mgeni akilazimishwa kuisoma. Bwana Thuwaini alipoinama kumbusu mkono, wote wawili walilia.

Kisha Bi Shamsiya akatangaza, mbele ya watu, kuwa kiti cha mbele ni cha Laurenti. Iliniuma, nasema kweli. Iliniuma mpaka pilau ilipoletwa. Tulikula sinia moja, Laurenti akanisogezea mnofu wake. Nikauchukua. Si mtu mbaya, ila hana maono.

Jumatatu, 19 Machi
Meza ya nyuma ni bora zaidi! Haina jua, haina wateja wanaochungulia. Na mkasa ule nimeuelewa sasa: dirisha lilikuwa fupi. Nimekata kiunzi kipya, chenye nafasi ya mababu saba. Ajizidishie mababu atakavyo, hakatwi mtu tena.

Mteja wa kwanza, Kristina, mke wa mpakia katani. Anataka kadi za ubatizo wa mwanawe mchanga. Nikaamuru, "Panga!" Ikatoka "Luka bin Ernesti", na baada yake dirisha tupu mpaka ukingoni. Haikupendeza hata kidogo. Kristina alikuwa ameshaondoka, na Laurenti ana shughuli huko dirishani kwake. Nikajaza mwenyewe: bin Jumbe, bin Eliakimu, bin Hilali, nikaendelea mpaka mstari ukanyooka.

Kesho anakuja kuzichukua. Mtoto alikuja ana jina la baba tu, anaondoka na ukoo mzima. Nangoja kuuona uso wa mama yake.